Kitukuu wa wiski: Marconi, pesa za ukoo wa Jameson na mawimbi yaliyodharauliwa

Ukiitazama vizuri nembo ya wiski ya Jameson utakuta maneno mawili ya Kilatini: Sine Metu. Maana yake ni "bila woga". Ndiyo kaulimbiu ya ukoo ulioanza kupika wiski katika mtaa wa Bow Street, Dublin, mwaka 1780. Wengi wanaoijua chupa hiyo hawajui kwamba Guglielmo Marconi, yule Mtaliano wa redio, alikuwa kitukuu wa John Jameson, mwenye kiwanda hicho.

Naanzia kwenye chupa kwa makusudi. Swali la "nani aligundua redio" huwagombanisha watu kila linapoulizwa. Mmoja atasema Marconi, mwingine Tesla, Mrusi atasema Popov, Mhindi atasema Bose, na kila mmoja ana hoja. Ubishi hauishi kwa sababu swali lenyewe limebeba maswali matatu kwa mpigo. Nani aliyajua mawimbi haya? Nani aliyafanya yabebe ujumbe hadi mtu akakubali kuulipia? Na nani aligundua yanaweza kufika wapi? La kwanza ni la Heinrich Hertz, na hapo hakuna mjadala mkubwa. La pili ni la Marconi, ila huwezi kulielewa bila kuijua familia ya mama yake. La tatu lina wenyewe wengine kabisa, vijana waliokuwa wakicheza na waya vyumbani mwao, na kwa maoni yangu hao hawajapewa haki yao.

Tuanze na mama. John Jameson alikuwa Mskoti wa mji wa Alloa, karani wa mahakama, aliyemwoa Margaret Haig kutoka ukoo mwingine mkubwa wa wiski. Kwa hiyo watoto wao walirithi wiski kuumeni na kukeni. Mmoja wao, Andrew, alikwenda kuweka kiwanda chake karibu na Enniscorthy, kaunti ya Wexford, akaishi katika nyumba iliyoitwa Daphne Castle. Binti yake Annie alikuwa na sauti nzuri, akapelekwa Bologna kusomea uimbaji. Huko akampenda Giuseppe Marconi, mwenye mashamba, mjane mwenye mtoto mmoja, tena mtu mzima kuliko yeye. Nyumbani walikataa katakata. Mwaka 1864 Annie akakutana na Giuseppe Boulogne, mji wa pwani ya Ufaransa unaotazamana na Uingereza, wakafunga ndoa.

Guglielmo alizaliwa Bologna tarehe 25 Aprili 1874. Shuleni hakung'ara, na chuo kikuu hakupata nafasi. Alichokuwa nacho ni Kiingereza cha mama yake na imani ya mama yake. Annie ndiye aliyemwombea kwa jirani yao, Profesa Augusto Righi, aliyekuwa akiyachunguza mawimbi ya Hertz, ili kijana aruhusiwe kuingia na kuangalia. Mwaka 1894 Hertz alifariki akiwa na miaka 36 tu, na Righi akaandika makala kumkumbuka. Marconi, mwenye miaka 20, aliisoma akiwa mapumzikoni milimani. Hertz alikuwa ameonyesha kwamba cheche ya umeme ikiruka upande mmoja wa chumba, cheche ndogo huruka kwenye kitanzi cha waya upande wa pili, bila kitu chochote kinachoziunganisha. Maprofesa waliona hapo somo la fizikia. Kijana huyu aliona simu isiyo na waya.

Aliporudi nyumbani, Villa Griffone huko Pontecchio, akakichukua chumba cha juu kabisa ambamo babu yake alikuwa akifugia viwavi wa hariri. Usiku mmoja alimwamsha mama yake, akampandisha ngazi. Akabonyeza swichi upande mmoja wa chumba. Upande wa pili kengele ikalia. Mtu wa kwanza kuoneshwa kazi hii ya Marconi ni binti wa mpika wiski, akiwa na nguo za kulalia.

Kifaa kilichoiliza kengele ile nataka tukiangalie kwa karibu, maana ndani yake ndimo kazi yote ya Marconi ilimolala. Ni mrija mdogo wa kioo. Ndani kuna vijiti viwili vya fedha vinavyoelekeana, na katikati yao uwazi mwembamba sana uliotiwa unga wa nikeli wenye chembe chache za fedha. Unga uliolegea haupitishi umeme wa betri vizuri, kwa kuwa punje zake zinagusana kwa shida. Wimbi la redio likipita, punje zinashikana, umeme unapata njia, kengele inalia. Tatizo ni kwamba punje zikishashikana haziachani zenyewe. Inabidi uugonge mrija kidogo ili unga ulegee tena, ndipo uwe tayari kwa alama inayofuata. Marconi aliweka kinyundo kilichoendeshwa na umeme uleule: alama ikifika, kinyundo kinagonga, mrija unasafika. Hapo ndipo, kwa alama za Morse zinazoandika herufi kwa nukta na vistari, nukta ilipoweza kutengana na nukta, na kistari na kistari.

Tabia ya unga huo iligunduliwa na Mfaransa Édouard Branly mwaka 1890, na Mwingereza Oliver Lodge alikwisha kuitumia mbele ya watu mwaka 1894. Alichofanya Marconi ni kujaribu unga baada ya unga, mrija baada ya mrija, hadi akapata mchanganyiko usiomwangusha. Hakulipwa, hakutumwa na mtu, hakuwa na cheti. Wanaredio wa ridhaa, yaani wanaorusha na kupokea mawimbi kwa kupenda tu bila malipo, duniani kote humhesabu kuwa mwenzao wa kwanza, na ukiitazama kazi ya chumba kile utakubaliana nao.

Mwaka 1895 alitoka nje, na huko akafanya jambo ambalo maprofesa hawakulifanya. Akaining'iniza sahani moja ya chuma juu, nyingine akaizika ardhini. Umbali ukaruka kutoka mita mia kadhaa hadi kama kilomita 2. Kaka yake Alfonso alikipeleka chombo cha kupokelea nyuma ya kilima, mahali ambapo hata akipunga kitambaa hakuna wa kumwona, akabeba na bunduki. Mlio wa risasi uliposikika kutoka upande wa pili, Marconi akajua kilima hakikuyazuia mawimbi.

Sababu yake ni hii. Antena ikiwa ndefu, wimbi linalotoka nalo huwa refu, na mawimbi marefu yana tabia ya kutambaa na uso wa ardhi, yakikifuata kilima kinavyopanda na kushuka. Marconi hakuwa na hesabu ya kulieleza hilo. Alijifunza kwa mikono kwamba ukiinua waya juu zaidi unafika mbali zaidi. Funzo lilikuwa la kweli, na ndilo lililompotosha kwa miaka zaidi ya 20, kama tutakavyoona.

Februari 1896 Annie alimchukua mwanawe wakaenda London. Aliyewapokea ni Henry Jameson Davis, binamu yake Marconi, mhandisi wa vinu vya kusaga nafaka. Sasa pima tofauti. Lodge alikuwa na maabara. Popov alionyesha chombo chake St. Petersburg Mei 1895. Jagadish Chandra Bose alifanya majaribio yake Calcutta mwaka huohuo. Wote walikuwa wasomi kuliko Marconi, na sisemi haya kuwapunguzia kitu. Ila hakuna hata mmoja aliyeshuka kwenye treni akamkuta ndugu anayewajua wanasheria wa hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, anayewajua wahandisi wa London, na anayejua pesa zinakaa kwa nani. Ombi la hataza likaingia tarehe 2 Juni 1896. Barua ya utambulisho ikamfikisha kwa William Preece, mhandisi mkuu wa Posta ya Uingereza, na Mei 1897 alama zikavuka maji ya mlango wa Bristol, kutoka kisiwa cha Flat Holm hadi Lavernock, zaidi ya kilomita 5.

Preece alitaka jambo hili libaki serikalini. Serikali ikajivuta, ukoo haukujivuta. Tarehe 20 Julai 1897 kampuni iliandikishwa kwa mtaji wa pauni 100,000, Jameson Davis akiwa mkurugenzi wake. Marconi, mwenye miaka 23, alipata pauni 15,000 taslimu, ambazo gharama zilikatwa humo, na asilimia 60 ya hisa. Wenye hisa wengine wengi walikuwa wafanyabiashara wa nafaka wa London na Ireland. Ukisikia hivyo unaweza kushangaa nafaka na mawimbi vimekutana wapi, lakini mnyororo wake ni mfupi: wiski inapikwa kwa shayiri, shayiri ina wachuuzi, wachuuzi wanazijua familia za wiski na wenye vinu, na neno la binamu likatembea humohumo.

Kuna jambo moja ambalo naliona mimi. Mpika wiski huijaza pipa leo, akaifungia ghalani, akakaa miaka bila kuona senti. Ni watu waliozoea pesa inayolala. Kampuni ya Marconi ilikaa zaidi ya miaka 10 bila kuwapa wenye hisa faida ya maana. Mtu wa duka la rejareja angekwisha kudai chake.

Kwa pesa hizo, tarehe 12 Desemba 1901, Marconi alikuwa juu ya kilima cha Signal Hill, St. John's, Newfoundland, katika upepo mkali wa baridi. Wasaidizi wake walirusha tiara iliyobeba waya wa antena wa mita kama 150 hivi. Ng'ambo ya Atlantiki, karibu kilomita 3,500, kituo cha Poldhu huko Cornwall kilikuwa kikituma herufi S, nukta tatu tu, tena na tena. Saa sita na nusu mchana alizisikia. Akampa msaidizi wake, George Kemp, kile kisikizi cha simu ili naye asikie.

Hapa ndipo penye fundo gumu kuliko yote. Dunia ni mviringo. Kati ya Cornwall na Newfoundland uso wa bahari umebinuka kama mlima wa maji unaozidi kilomita 200 kwenda juu, ukipima kutoka kwenye mstari ulionyooka. Mwanga haupiti hapo. Mawimbi ya redio ni ndugu wa mwanga. Yalipitaje?

Mwaka uliofuata, 1902, Arthur Kennelly wa Marekani na Oliver Heaviside wa Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, walipendekeza kwamba huko juu kuna tabaka linaloyarudisha mawimbi chini. Ilibidi kusubiri hadi 1924 ndipo Edward Appleton akathibitisha kwa vipimo. Jua hupiga hewa nyembamba ya juu na kunyofoa elektroni kutoka kwenye atomi zake. Kuanzia kilomita 60 hivi na kuendelea, anga huwa na matabaka yenye umeme. Yale ya juu huyapinda mawimbi hadi yakarudi duniani, nayo dunia ikayarusha tena, kama mpira unaodunda kati ya dari na sakafu. Lile la chini kabisa ni tofauti: mchana huyameza mawimbi ya urefu wa kati, na jua likizama, lenyewe linatoweka.

Rudi sasa Signal Hill. Ilikuwa mchana, na makadirio yanaiweka Poldhu kwenye mawimbi ya urefu wa kati, yaani yaleyale yanayomezwa mchana. Ndiyo maana hadi leo wapo wataalamu wanaotilia shaka kwamba Marconi alisikia nukta tatu. Wanasema huenda ilikuwa mikwaruzo ya radi. Hakukuwa na rekodi, palikuwa na masikio mawili ya Marconi na mawili ya Kemp. Februari 1902 alisafiri kwa meli ya Philadelphia akiwa na mashine inayochapa alama kwenye utepe wa karatasi, ili asibishiwe tena. Usiku alama zilimfikia hadi maili 2,099. Mchana ziliishia maili 700. Utepe ule ulikuwa tayari umeandika habari ya tabaka la chini, ila hakuna aliyejua kuusoma.

Mimi sioni sababu ya kumwita mwongo. Mtambo wa cheche haukutoa wimbi moja safi. Ulimwaga nguvu huku na huku, kwenye mawimbi marefu na mafupi kwa pamoja. Baadhi ya wachunguzi wanaona kwamba kilichofika St. John's mchana ule huenda kilikuwa ni ile sehemu ya mawimbi mafupi, ambayo tabaka la chini haliyamezi sana. Kama ni hivyo, mawimbi mafupi yalivuka Atlantiki mwaka 1901, na mwenyewe hakuyajua.

Kwa sababu funzo lake lilikuwa lilelile la kilimani Pontecchio: marefu zaidi, marefu zaidi. Mwaka 1907 alifungua huduma ya kibiashara kati ya Clifden, magharibi mwa Ireland, na Glace Bay, Canada, kwa mawimbi yenye urefu wa maelfu ya mita na antena kubwa ajabu. Mafupi yalionekana mabaki.

Na mabaki hupewa wasio na nguvu. Mwaka 1912 Marekani ilitunga sheria ya redio, miezi michache baada ya Titanic kuzama. Anga lilikuwa limejaa vijana wenye mitambo ya kujiundia, na manowari zililalamika zinaingiliwa. Sheria ikawaambia wanaredio wa ridhaa: ninyi mtakaa kwenye mawimbi yenye urefu wa mita 200 kwenda chini, na nguvu isizidi kilowati 1. Waliamini kwamba huko hawatafika popote, na watachoka wenyewe.

Hawakuchoka. Desemba 1921 chama chao kilimtuma Paul Godley kuvuka bahari hadi Ardrossan, pwani ya Uskoti. Alipiga hema kando ya bahari, kwenye mvua na matope, akatandaza waya mrefu juu ya nguzo fupi, akakesha usiku baada ya usiku akisikiliza. Alivisikia zaidi ya vituo ishirini vya wenzake wa Marekani, na kutoka kituo cha 1BCG cha Greenwich, Connecticut, akaupokea ujumbe mzima, neno kwa neno. Kisha wakashuka zaidi. Tarehe 28 Novemba 1923 Léon Deloy, akiwa Nice, Ufaransa, alizungumza kwa Morse na Fred Schnell na baadaye John Reinartz, wote Connecticut, kwenye wimbi la mita 100 hivi. Hii ilikuwa mara ya kwanza kwa wanaredio wa ridhaa kujibizana kutoka upande mmoja wa Atlantiki hadi wa pili.

Haki itendeke: Marconi naye alikuwa njiani. Tangu 1916 yeye na mhandisi wake Charles Franklin walikuwa wameyarudia mawimbi mafupi, na mwaka huohuo wa 1923, akiwa ndani ya meli yake Elettra karibu na visiwa vya Cape Verde, aliipokea Poldhu kwenye mita 97. Mtu wa karibu miaka 50, mwenye sifa na mitambo ya mamilioni, akakubali kwamba alikuwa amelishika jambo kwa upande usio wake. Kuanzia 1926 vituo vyake vya mawimbi mafupi vikaiunganisha London na Canada, Australia, Afrika Kusini na India.

Sisi tumekulia ndani ya ugunduzi huo. Itazame redio ya zamani ya mkulima, ile yenye mshale unaotembea kwenye kioo: mita 49, 41, 31, 25, 19. Zote ziko chini ya 200. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipoanza mwaka 1957 ilitufikia kwa njia hiyo. Babu yangu alikuwa anaivuta antena, anaigeuza redio kuelekea dirishani, na giza lilipoingia sauti iliyokuwa inakwaruza inasafika kidogo kidogo. Alisema redio inapenda usiku. Aliyaona kwa masikio yale yaliyochapwa kwenye utepe wa Philadelphia.

Maisha ya Marconi mwenyewe yalikuwa na mengi. Alialikwa kupanda Titanic, akatangulia New York kwa Lusitania siku chache kabla. Mwaka huohuo wa 1912 alipoteza jicho la kulia katika ajali ya gari huko Italia. Ila kuna jambo ambalo mwandishi wa Afrika Mashariki hawezi kulipita kimya. Mwaka 1923 alijiunga na chama cha Mussolini, 1930 akapewa urais wa Akademia ya Kifalme ya Italia, na Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935 alisimama hadharani kuutetea uvamizi huo. Mtu aliyeyapa mataifa njia ya kusikilizana alilitumia jina lake kutetea jeshi lililomwaga gesi ya sumu juu ya jirani zetu. Linaniuma kila nikilifikiria, na silifichi kwa sababu ya tiara na nukta tatu. Alifariki Roma tarehe 20 Julai 1937, na vituo vya redio vikazima mitambo kwa dakika 2 kumwomboleza.

Leo, kila mwaka Jumamosi iliyo karibu na tarehe 25 Aprili, wanaredio wa ridhaa huwasha mitambo mahali alipopita. Poldhu wanaita kwa jina la GB2GM, Signal Hill kwa VO1AA, na Pontecchio, pale penye chumba cha viwavi wa hariri, kwa IY4FGM. Wanatafutana kwa Morse na kwa sauti, wakitumia kwa sehemu kubwa mawimbi mafupi.